Vyumba Viwili Nyuma ya Duka

Nilikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali, na kwa miaka mingi sikunywa hata maji katika duka la mtu. Nikiwasimulia wajukuu zangu jambo hilo hunitazama kama niliyewaambia kwamba zamani nilikuwa natembea kwa mikono. Wao wamezoea kuona ofisa akiingia dukani mikono mitupu na kutoka na mfuko. Sisi tulikuwa tunatoka na kiu. Siwalaumu kwa kutoniamini, ingawa mmoja wao aliponiuliza kama tulikuwa wajinga nilimfukuza barazani kwa siku nzima.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja mfupi, Mngoni, mkali kama pilipili. Kila tulipotoka ofisini alibeba chupa ya maji na mihogo ya kuchemsha aliyoifunga kwenye kitambaa, na ikifika saa ya kula tulikula ndani ya gari, vioo vimefungwa, jasho likitutiririka. Wenye maduka wa Temeke walitutania kwamba wakaguzi wamefunga Ramadhani mwaka mzima. Yeye hakucheka hata siku moja. Aliniambia, "Ukishakunywa chai yake, utamwambiaje kwamba mizani yake mbovu?" Basi nami nikajifunza kubeba chupa yangu.

Nilianza kazi hiyo muda si mrefu baada ya Uhuru, na kipindi ninachokikumbuka kwa raha zaidi ni kile tulipokuwa tunaihamisha nchi kutoka ratili kwenda kilo. Tulizunguka Temeke yote, Mbagala, Ukonga hadi karibu na gereza, kisha upande wa pili Magomeni, Mwananyamala, Kinondoni, mpaka Bunju, ambako wakati ule maduka yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Tukifika mahali tunaweka meza chini ya banda la soko, na watu wanakuja na mizani zao: wauza nyama, wauza unga, wauza mafuta ya taa na vipimo vyao vya bati. Mawe yetu ya shaba, ambayo ndiyo tuliyopimia mawe ya wengine, hayakushikwa kwa mkono mtupu. Tuliyavisha kitambaa laini moja moja kama watoto wachanga. Jiwe la mwenye duka likiwa sawa na letu, nililigeuza nikaligonga kwa nyundo na muhuri kwenye ile risasi laini iliyojazwa kwenye tundu chini yake, likapata alama ya serikali. Sauti ya nyundo ile naipenda mpaka leo.

Pale Mtoni bibi mmoja wa Kizaramo alinishika shati.

"Nyie vijana wa serikali, ratili yangu mmeipeleka wapi?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba kilo ni kubwa kuliko ratili, hivyo amepata faida.

"Kubwa ya nini?" akasema. "Mie naishi peke yangu."

Tulicheka njia nzima kurudi ofisini, hata yule Mngoni aligeuza uso dirishani nikajua kwamba anacheka. Zilikuwa siku nzuri. Tulikuwa vijana, nchi ilikuwa changa kama sisi, na tuliamini kabisa kwamba mtu akipata kilo yake kamili basi Uhuru umemfikia.

Mwenye duka ninayetaka kumsimulia alikuwa mzee wa asili ya Kiarabu, mzaliwa wa Temeke, na baba yake aliuza katika duka hilo hilo kabla yake. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mimi niliyetoka Masasi na lafudhi yangu ya kusini. Mizani yake ilikuwa ya zamani, ya vitanga viwili vya kuning'inia, na kila mwaka nilipoipima ulimi wake, ile sindano ya juu, ulisimama katikati bila kutetereka. Kila mwaka alinikaribisha kahawa, na kila mwaka nikakataa.

"Bwana Mkaguzi, leo je?"

"Leo bado, Mzee."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Hata tukikutana msibani aliniuliza vile vile.

Mwaka mmoja, sukari na sabuni vilipokuwa vimeanza kupatikana kwa foleni, alinisubiri nimalize kufunga sanduku langu akanivuta pembeni. Mizani mpya hazikuwa zinakuja tena kutoka ng'ambo. Zilizopo zilikuwa zinachakaa, na mjini kote hapakuwa na mahali pa kueleweka pa kuzitengeneza.

"Nataka kufungua karakana ya mizani," akasema. "Fundi niliyemwona mie ni wewe."

Nikatabasamu nikidhani ni utani mwingine wa kahawa. Akanishika mkono akanizungusha nyuma ya duka, akafungua mlango. Palikuwa na vyumba viwili, sakafu ya saruji, madirisha mawili makubwa yenye nondo, na jiko la pembeni.

"Utakaa humu na watoto wako. Kodi sitaki."

Ni lazima nieleze tulivyokuwa tunaishi, vinginevyo hamtaelewa kwa nini sikukataa pale pale. Tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga katika nyumba ya Kiswahili, mitaa michache kutoka hapo: mimi, mke wangu, binti zetu watatu na kaka yao mchanga. Kabati tulilolisimamisha katikati ndilo lililokuwa ukuta wetu. Upande huu kitanda, upande ule mkeka wa watoto. Binti yetu mkubwa alikuwa ameanza kufikia umri wa kugeuzia uso ukutani kila baba yake anapobadili shati. Mimi naye tulikuwa hatutazamani tena vizuri asubuhi, na jambo hilo lilikuwa linaniuma kuliko nilivyoweza kumwambia mtu. Mshahara alioutaja Mzee ulikuwa mzuri, sikatai, lakini nilichokiwaza njia nzima kurudi nyumbani ni watoto wangu kuwa na chumba chao na mlango wa kufunga.

Siku hizi mtu akiacha serikali kwenda kwa watu binafsi anafanyiwa sherehe na keki inakatwa. Wakati ule ilikuwa kama kutoroka na mke wa mtu. Redio ilikuwa inatuhubiria Ujamaa asubuhi hadi jioni, na wenye maduka waliitwa kupe, mirija, mabepari. Ilinong'onwa pia kwamba maduka ya watu yatafungwa yote yawe ya ushirika. Habari yangu ilipovuja ofisini, karani wetu mmoja alikuja mezani kwangu akasimama kiuno kimeshikwa.

"Ndugu, ni kweli unakwenda kwa kupe?"

Karani huyo sabuni zake zote zilitoka chini ya meza ya kupe huyo huyo, kila mtu anajua. Nikamwambia anukie vizuri aende zake. Mkuu wetu wa kazi ndiye aliyenitisha, kwa sababu yeye hakutukana. Aliniita akanikalisha, akasema kwa upole kwamba nikitoka, kiinua mgongo nimekiacha, na mlango wa kurudi haupo. Nilitoka kwake moyo umegawanyika.

Mke wangu alikuwa mwanamke wa maneno. Aliweza kubishana na muuza samaki mpaka muuza samaki akasahau bei yake. Nilipomwelezea habari ya vyumba viwili nilitegemea atanipigia vigelegele au atanifokea. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchagua.

"Amua wewe, baba watoto. Mie nipo."

Nikamuuliza tena siku nyingine, nikapata jibu lile lile. Kusema kweli nilikasirika. Nilitaka anisukume, upande wowote, ili nikianguka tuanguke wote. Yeye aliniacha na uamuzi wangu kama mzigo ulioshushwa barabarani.

Nikapata ujanja. Nilikuwa na likizo ya mwaka, ambayo kwa kawaida tungeitumia kwenda Masasi kuwaona wazee kwa nauli ya serikali. Safari ile tukabaki Dar. Nilimwambia Mzee kwamba nitakaa naye dukani likizo nzima nionje kazi yenyewe, kisha nitampa jibu. Akakubali papo hapo. Mimi niliona nimefanya jambo la akili sana: nilikuwa likizo, si mkaguzi, na kwa hiyo nilikuwa mtu kama watu wengine.

Jumatatu asubuhi nikakaa kwenye baraza la duka, muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe vyake, na Mzee akamwita. Hakuniuliza. Aliniwekea kikombe na kashata ya nazi pembeni, akakunja mikono akanitazama. Nikanywa. Ilikuwa chungu na ya moto mno, na sijanywa kahawa tamu kama ile.

"Miaka yote hii!" akapiga kelele, akicheka mpaka anafuta macho. "Kumbe unajua kunywa!"

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha, nasema waziwazi. Duka lile lilinukia karafuu na khanga mpya. Nilijitengea kona, nikaanza na mizani ya muuza nyama mmoja iliyokuwa na kutu, nikaifungua yote, nikayanoa yale makali ya chuma ambayo mkono wa mizani huegemea, nikaipaka mafuta. Wapita njia walisimama kutazama. Mzee alinisimulia habari za Temeke ya utoto wake. Mchana tulikula wali pamoja katika sinia moja, na jioni nilirudi nyumbani sijachoka. Nilianza kuvizoea vile vyumba vya nyuma. Nilishapanga kitanda kikae wapi, na mkeka wa watoto nikautupa kabisa katika mawazo yangu, nikaweka vitanda.

Kulikuwa na utani, bila shaka. Muuza nyama alipokuja kuchukua mizani yake alisema kwa sauti, "Leo hakimu kakaa na mshtakiwa!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Siku moja mzee mmoja aliyekuja kununua chumvi alinitazama, akatazama kikombe changu, akaenda kununua duka la mbele. Nikajiambia labda kule wanamkopesha.

Wiki ya pili sukari ikaja. Foleni ililizunguka duka zima. Mzee alipima, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake na kikombe changu, nikijiona nimeshakuwa wa nyumbani. Zamu ya mama mmoja Mzaramo ikafika. Huyu alikuwa mpangaji mwenzetu wa chumba cha mbele, anayemwita mke wangu dada na mimi shemeji. Binti yetu wa pili alizaliwa mikononi mwake, gari la hospitali likiwa halijafika. Alipokea sukari yake, akahesabu fedha, akasogea hatua moja, kisha akarudi.

"Naomba unipimie tena."

Mzee akadhani hakusikia vizuri. Nami nikamsaidia, kwa ucheshi, "Mama, mizani hiyo nimeipiga muhuri mimi mwenyewe."

"Najua, shemeji," akasema. "Ndiyo maana."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba kandambili umezivaa kushoto kulia. Mzee akarudisha sukari kwenye kitanga, akaweka jiwe upande wa pili, na ulimi ukasimama katikati kama ulivyosimama miaka yote. Yule mama akanyoosha mkono, akaligeuza jiwe, akatazama ile alama kwenye risasi, akalirudisha. Akashukuru akaenda zake. Aliyekuwa nyuma yake akasema, "Na mie unipimie mara mbili, Mzee." Baada ya hapo foleni nzima ikataka mara mbili. Tulimaliza sukari ile alasiri, na muda wote Mzee alipima amenipa mgongo.

Nilirudi nyumbani nimefura. Yule mama nilimkuta uani anakuna nazi, jua linazama, na sikungoja hata kuvua viatu.

"Leo umenivua nguo mbele za watu, jirani. Mimi mwizi?"

Akaweka mbuzi pembeni, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Mie ile alama siijui kuisoma. Sie tulikuwaga tunakujua wewe. Tukikuona unapita na chupa yako, hata maji ya mtu hunywi, tunasema basi, kilo ni kilo. Sasa wewe ukikaa pale na kikombe, mie nitamjua nani?"

"Mzee yule hajawahi kumpunja mtu," nikamwambia. "Nami sijawahi kumpitishia mtu mizani mbovu."

"Yawezekana," akasema, akaivuta mbuzi yake. "Lakini mie leo nilirudi kupimiwa. Sikuwahi kurudi."

Nilijibu maneno ambayo siyakumbuki, nikaingia ndani. Nililala nikiwa na hasira naye na niliamka nikiwa sina. Asubuhi ile, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nilielewa kitu ambacho yule Mngoni wangu hakunieleza, labda kwa sababu hata yeye hakuwa na maneno yake. Nilidhani tunakaa na kiu ili wenye maduka wasitununue. Kumbe tulikaa na kiu ili mama yule, na bibi wa Mtoni, na kila asiyejua kusoma alama ya muhuri, awe na mtu wa kumtazama. Nikihamia kwenye vyumba vile, ningeondoka na kitu chao pia. Ilinisikitisha sana, kwa sababu nilivitaka vyumba vile. Nilivitaka asubuhi ile kuliko siku nyingine zote.

Nikaenda dukani mapema. Mzee alikuwa amekaa peke yake, na muuza kahawa alipopita hakumwita. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. Akaendelea kutazama barabara. "Baba yangu ameuza hapa maisha yake yote. Hajaambiwa na mtu apime tena. Na mie sijaambiwa mpaka jana."

"Ni kwa ajili yangu, Mzee. Nisamehe."

"Si kosa lako, wala si kosa lake." Akageuka kunitazama. "Utarudi serikalini?"

"Nitarudi, Mzee."

Akatikisa kichwa polepole. Alikuwa ameumia, na si kwa sababu ya karakana. Alinipenda, nami nilimpenda, na kazi yangu ilikuwa imetukataza tangu mwanzo. Nikapeana naye mkono, nikakusanya vifaa vyangu. Likizo ilipokwisha nilirudi ofisini, yule karani akanipokea kwa kelele za "karibu tena, Ndugu", na mwaka uliofuata nilipokwenda kupima mizani yake, Mzee hakuniuliza habari ya kahawa. Nilipima, nikagonga muhuri, nikatoka.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile nilitoka kwake moja kwa moja kwenda kumwambia mke wangu. Nilimkuta anafua. Nikasema yote kwa mkupuo, foleni, jirani, Mzee, nikamaliza kwa kusema kwamba tutabaki hapa hapa chumbani kwetu, na kwamba ikiwezekana nitaomba nyumba ya serikali, ingawa wote wawili tulijua orodha ya waombaji ilivyokuwa ndefu. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya povu.

"Haya," akasema.

Akainuka akaingia ndani. Nikamfuata, kwa sababu ile "haya" fupi haikuwa kawaida yake. Alikuwa amepiga magoti anavuta kitu kutoka chini ya kitanda, nyuma ya masanduku. Kilikuwa kitambaa kipya, kizito, cha maua ya bluu, ambacho miaka ile hukipati mpaka upange foleni tangu alfajiri na uwe na bahati. Nikamuuliza cha nini.

Alikikunjua kitandani, akakilainisha kwa kiganja. Kumbe siku moja ya likizo yangu, mimi na Mzee tulipokwenda mjini kutafuta springi, yeye alikwenda dukani, akaomba ufunguo kwa mke wa Mzee, akaingia peke yake katika vile vyumba viwili na kupima madirisha kwa kamba. Kisha akaenda kupanga foleni. Mwanamke aliyekuwa akiniambia niamue mimi, yeye yupo, alikuwa ameshanunua mapazia.

Nilitaka kusema neno. Nilitaka hata kumwambia kwamba bado naweza kurudi kwa Mzee. Alinitangulia.

"Ile kamba nilipima vibaya," akasema bila kunitazama. "Nilichukua kingi mno. Kitatosha gauni tatu."

Akaazima cherehani, akashona. Krismasi ile binti zetu watatu walikwenda kanisani wamevaa maua ya bluu, sare, na akina mama nje ya kanisa waliwashika mabega wakawageuza huku na huku wakisifu. Mke wangu alishukuru kila mmoja kwa tabasamu. Tulipoingia ndani nikakaa benchi la nyuma yao, wimbo ukaanzishwa, nami badala ya kuimba nikawa nayahesabu yale maua mgongoni mwao, dirisha la kwanza, dirisha la pili.